Kutua si Kufika

Fomu ina kisanduku kimoja, upana wa vidole vinne:
SABABU YA AJALI.
Juu yake tayari nimeandika jina, Edwyn Curiñanco,
umri, miaka sitini na mitatu,
saa za kuruka, elfu kumi na moja na ushei,
majeraha: mbavu mbili, na haya.
Haya nimeikata kwa mstari. Haimo kwenye orodha yao.

Ndege imelala chali kwenye changarawe,
magurudumu juu, kama kondoo aliyeshindwa kugeuka,
na upepo, uliokwisha kufanya kazi yake,
bado unazungusha gurudumu moja, polepole,
kama mtoto asiyejua kwamba mchezo umekwisha.

Nimepima kwa hatua. Utepe haushikiki hapa,
upepo wa Patagonia huunyang'anya mkononi.
Alama ya kwanza ni ya gurudumu la kushoto peke yake.
Safi. Bawa la upande wa upepo liliinamishwa,
pua ikakaa njia; mzee alijua kucheza naye.
Hatua ishirini, la kulia likagusa.
Hatua arobaini, mkia ukaketi.
Mpaka hatua mia na themanini mstari umenyooka
kama mshono wa cherehani,
nami natembea juu yake nikimsifu moyoni,
hadi pale unapopinda.
Unapinda kama mundu.

"Nilishatua," aliniambia hospitalini.
"Andika hivyo, Eluned. Nilishatua.
Nikapumua. Nikainua mguu kwenye kanyagio
nichukue chupa ya chai, koo limekauka."
Kutangulia si kufika, na kutua pia si kufika:
ndege nyepesi haijafika mpaka ifungwe,
kamba tatu, kama fahali wa mnada.

Pale mkunjo unapoanzia niligeuka kushoto.
Safu ya mipoplari inakinga uwanja wote,
mti bega kwa bega na mti,
ila hapa. Hapa pana pengo
na visiki vitatu, vimekatwa kwa msumeno butu.
Nikasimama penye pengo.
Kofia yangu haijapatikana hadi leo.

Nani alikata?
Doña Zunilda hakuficha. Mimi, akasema,
Julai, katikati ya barafu, wiki ile mitungi ya gesi haikuja.
Kwa nini haikuja?
Akanitazama kama amtazamavyo mtu mjinga anayemhurumia.
Ndege haikuweza kutua, mwanangu. Upepo.

Watu husema ajali haina kinga.
Hii ilikuwa nayo: miti mitatu, mkono wa marehemu mumewe,
ikaingia jikoni kipande kwa kipande,
ikachemsha supu, ikamvusha mtu kwenye baridi.
Niambie hilo linaingiaje
kwenye vidole vinne vya karatasi.

Mizigo tuliitoa kupitia mlango uliopinda.
Chanjo za kondoo: zimevunjika, sanduku zima.
Hamira: imemwagika, na dari,
ambayo sasa ni sakafu, imekuwa nyeupe.
Miwani ya Doña Zunilda, ndani ya soksi ya sufu:
nzima, haina hata mkwaruzo.
Miezi minane aliingoja.

Akaivaa palepale, mikono ikitetemeka.
Akaitazama ndege.
"Kumbe ni nyekundu," akasema.
"Miaka yote hii nikidhani ni rangi ya udongo."
Kisha akageuza kichwa, taratibu, kuelekea visikini,
akatazama muda mrefu.
Akaivua. Akaipangusa kwa pindo la aproni,
ingawa haikuwa na vumbi.

Nimeandika: upepo.